Hajanywa, Sijanywa

Siku ya kwanza niliyokwenda kwenye kikao cha watu wanaojinasua na pombe, waliniuliza mume wangu yuko wapi.

Kikao kilikuwa kwenye darasa la shule ya Jumapili, nyuma ya kanisa moja upande wa pili wa mji. Nilikichagua kwa kuwa kiko mbali na Chumbageni ninakoishi. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyenielekeza, baada ya kuona mikono yangu inavyotetemeka. Ndani walikuwa wanaume watupu, wamekalia viti vya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Mwenyekiti, mzee wa Kisambaa aliyewahi kuwa nyapara kwenye mashamba ya mkonge, alinipokea kwa adabu zote, akasema, "Karibu mama. Mzee wako yu njiani, au umetangulia kutusikiliza?"

Ningesemaje mimi? Mwanamke mzima, fundi cherehani ninayewashonea wanakwaya sare, niseme mbele ya wanaume kwamba mlevi ni mimi? Nikajibu kuwa mzee anaona haya kidogo, atakuja. Wakanisogezea kiti.

Kilichonitoa nyumbani ni binti yangu. Ameolewa Pangani, na alikuwa na mimba ya kwanza. Kwetu mimba ya kwanza huja kuzaliwa kwa mama. Mama ndiye amkande mzazi na kumwogesha mtoto mpaka arobaini iishe. Yeye alinipigia simu kusema atajifungulia kwa mama mkwe wake. Sababu hakuitaja, wala sikuiuliza. Niliona uchungu, na wivu pia, nikamchukia yule mkwe mwenzangu ambaye hakuwa amenikosea lolote.

Basi nikamtwisha marehemu mume wangu mzigo wangu. Mungu anisamehe, maana mtu yule hata divai ya meza ya Bwana alikuwa akiimeza kama kwinini. Kila Jumamosi nilimsimulia. Mume wangu anaficha pombe ya mnazi kwenye chupa ya chai. Mume wangu anatafuna karafuu asinuke. Mume wangu alilala fofofo kwenye kicheni pati ya binti yetu, keki haijakatwa.

Hapo Mpemba mmoja muuza mchele, aliyekuwa hasemi sana, akataka kujua mwanamume alifuata nini kwenye kicheni pati, sherehe ya wanawake. Nilimjibu kwa ukali kwamba mlevi haulizwi alifuata nini. Lo, njia ya mwongo fupi! Mwenyekiti alinitazama kidogo, akampa zamu mwingine.

Pale kila mtu huanza kwa kusema, "Leo sijanywa." Neno lile lilinikera. Mtu akikwambia sijala, si ndiyo anakuomba upakue? Nikamuuliza mwenyekiti kwa nini watu wazima wasiseme tu wameacha, yakaisha. Akaniambia yeye alikwisha kuacha mara nyingi mno, kila mara kwa kiapo, mpaka mkewe akachoka kumpongeza. Siku hizi husema hajanywa, kwa sababu kiu bado anayo na jua halijazama, na hilo angalau ni kweli. Sikumwelewa, au sikutaka.

Zamu yangu ikifika nilikuwa nasema, "Leo hajanywa." Kuna siku nilisema hivyo na mimi nimeshakunywa asubuhi. Nikajifariji kwamba sikusema uongo, kwani marehemu kweli hakuwa amekunywa.

Kisha binti akapiga simu tena. Chumba kwa mama mkwe kimeshatayarishwa, mimi nije kumwona mtoto baada ya arobaini. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kikaoni macho yamevimba. Siku ile sikuwa nimegusa kitu, na kiu ilikuwa imenishika kooni. Zamu ikanifikia. Nilifungua kinywa kumsemea marehemu kama kawaida, likatoka jingine.

"Leo sijanywa."

Hakuna aliyeshtuka. Mpemba aliinamisha uso, nadhani alikuwa anacheka. Mwenyekiti akasema, "Karibu mama," kana kwamba ndiyo kwanza naingia mlangoni. Nililia mbele yao, na sikuona haya.

Mtoto alipozaliwa sikungoja arobaini. Nilikwenda Pangani bila kuitwa. Binti yangu alikuwa amekaa kitandani, mtoto amemfunika kwa kanga, na mkwe mwenzangu amesimama pembeni na beseni. Binti aliniamkia shikamoo, nikaitika. Kisha akaniuliza palepale, mbele ya mwenye nyumba.

"Mama, umekunywa?"

Hasira ilinipanda. Kiapo nilikuwa nacho ulimini, kilekile nilichompa kabla ya harusi na baada ya harusi: mwanangu, nimeacha. Nikakimeza.

"Sijanywa," nikasema. "Leo sijanywa."

Alingoja yale mengine aliyoyazoea. Hayakuja. Akanivuta karibu, akaninusa mdomo kama mtu anavyonusa maziwa yaliyolala. Alinusa mara ya pili. Ndipo akaiondoa kanga.

"Maji yameshapoa kiasi," akasema. "Mwogeshe wewe."

Mikono yangu ilikuwa bado inatetemeka, na wote waliiona. Mkwe mwenzangu alikuja akachuchumaa upande wangu. Yeye akashika beseni, mimi nikamshika mtoto.