Tawi Kwenye Njia Panda

Usiku ule nililala mapema kwa sababu goti langu la kulia lilikuwa limevimba. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa amelikanda kwa maji ya moto yenye chumvi huku akinifokea kwamba mlima utaniua kabla sijafika hamsini. Nilicheka kidogo, nikamgeuzia mgongo. Yupo mtu ambaye mlima ulikwisha kumuua kwa uzembe wangu, na habari hiyo sikuwahi kumwambia mke wangu wala mtu mwingine yeyote.

Usingizi ulinibeba moja kwa moja hadi juu, pale msitu unapoishia na kuanza ule ukanda wa baridi: majani makavu ya vishungi, vichaka vya rangi ya majivu, na ile miti minene yenye vichwa kama kabichi. Ukungu ulikuwa umeshuka. Nilikuwa natembea peke yangu, sina mgeni wa kumwongoza, sina mzigo, na goti haliumi. Nikasikia viatu nyuma yangu. Kwap, kwap, kwap. Viatu vikubwa kuliko miguu ya mwenyewe. Nilivijua kabla sijageuka, maana vilikuwa vyangu. Nilimwazima rafiki yangu Mbwana siku aliyopanda mlima kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Nageuka, na Mbwana yupo. Amevaa lile koti la bluu, mzigo uko begani, na nyusi zake zina matone ya ukungu. Sikushangaa wala sikuogopa. Nilichofanya ni kumkaripia, kama tulivyozoeana.

"Umechelewa," nikamwambia.

"Wewe tembea, Eli," akasema. "Mimi nakuja."

Mbwana alikuwa mtu wa Pangani, nami ni mtu wa huku mgombani, Moshi. Tulijuana hukohuko kwao nilipokuwa kibarua wa ujenzi. Miezi minne nilikula kwa mama yake, Bi Mwanaidi, sahani moja na Mbwana, na yule mama alikuwa akinisukumia kipande cha samaki kilicho kikubwa akidai kwamba watu wa bara wana njaa ya kuzaliwa nayo. Niliporudi nyumbani na kupata kazi ya kuongoza wageni mlimani, nikamwita Mbwana aje kuwa mgumu, ndivyo tunavyowaita wabeba mizigo wa huku. Alikuja na begi moja na chupa ya mafuta ya nazi ya kujipaka. Usiku wa kwanza kambini mafuta yaliganda yakawa meupe, akaigeuza chupa juu chini, hakidondoki kitu, akawaita wenzake waje waone. Tulicheka mpaka mpishi akatufukuza jikoni.

Asubuhi yake, kabla hatujaanza safari, kiongozi wetu Mzee Kimaro aliniita pembeni.

"Huyu mgeni wako, umemweleza habari ya tawi?"

"Nimemweleza, mzee," nikajibu.

Nilikuwa sijamweleza Mbwana. Nilikuwa katikati ya kubishana na mpishi habari za mpira, na nikaona ni jambo dogo, nitamwambia njiani. Kwetu hata mtoto anayechunga mbuzi analijua. Ukungu ukishuka, aliye mbele akifika njia panda huokota tawi na kulilaza, likakatiza ile njia isiyopitwa. Anayekuja nyuma akilikuta anajua hapo pamefungwa, anashika njia ya pili. Hakuna kibao, hakuna maandishi, na tangu babu zetu limetutosha.

Nami ndiye niliyekuwa mbele siku ile. Njia ya zamani ilikuwa imekatika kwenye korongo. Nililaza tawi vizuri kabisa, bichi, lenye majani mengi, nikapita na wageni wangu. Mbwana alikuwa wa mwisho, kamba ya mzigo wake ilikuwa imekatika akabaki nyuma kuifunga. Hakufika kambini. Tulimpata siku ya pili chini ya korongo, amejikunyata, mzigo uko pembeni yake, hakuutupa. Nyayo zake tuliziona kule juu kwenye matope. Zilikuwa zimevuka tawi bila kulikanyaga, zikaendelea mbele, na kadiri zilivyokwenda ndivyo zilivyoyumba.

Katika ndoto sasa tumefika palepale. Njia panda ile, ukungu uleule. Tawi limelala na majani yake yanang'aa kwa maji. Mbwana anasimama, anatua mzigo taratibu, ananiangalia.

"Hili ni la nini, Eli?"

Nataka kumjibu. Namuomba Mungu nimjibu, ni maneno mawili tu, pamefungwa hapo. Lakini mdomo wangu umeganda kama yale mafuta yake, ulimi hausogei, na yeye anasubiri, hana haraka, kama mtu aliyeuliza njia kwa heshima. Nilihisi aibu mpaka masikio yakawaka.

Alipoona sijibu akatabasamu.

"Kwetu pakiwa na shughuli," akasema, "kuti bichi linalazwa kwenye kona, wageni wasipotee. Linakaribisha."

Akainama, akavua buti zangu, akazipanga vizuri kando ya njia, akainua mguu mmoja, halafu wa pili, akalivuka lile tawi asiliguse. Akasema hodi. Miaka miwili nilikuwa najiuliza kwa nini zile nyayo hazikulikanyaga.

Nikamfuata. Nilijua korongo liko mbele, nikamfuata tu. Lakini njia haikukatika. Ilishuka, ikaingia msituni, kwenye miti mikubwa yenye ndevu za kijani zinazodondosha maji, mizizi inateleza, na giza lake ni lile la mchana ambalo humfanya mtu azungumze kwa sauti ya chini bila kuambiwa. Mbwana yuko mbele, pekupeku. Hatuzungumzi. Nasikia maji mahali fulani, siyaoni. Nikaona mgongo wake umeloa, nikataka kumpa sweta langu, na kila nikinyoosha mkono yuko hatua moja mbele.

Kisha udongo chini ya miguu ukawa mchanga. Sijui ni wapi msitu uliishia. Tuko kwenye njia nyembamba kati ya minazi, mikoko inaonekana upande wa kushoto, upepo una chumvi, na mbele ni uani kwa Bi Mwanaidi. Mikeka imetandikwa. Ni hitima ya Mbwana, ileile niliyohudhuria, mikeka mingi na watu wachache. Sinia za pilau zimefunikwa, hakuna aliyezigusa. Bi Mwanaidi amekaa kwenye kizingiti cha mlango, mtandio umemfunika hadi machoni, anatazama njia kama anayengoja wageni ambao bado wako njiani.

Hawakuwa njiani. Walikataa kuja, na sababu ni mimi. Wakubwa wa safari walipouliza imekuwaje mtu mzima avuke tawi, Mzee Kimaro alinitazama. Alisema yule mtu alielezwa. Nami nikaogopa kufukuzwa kazi, nikasema, "Jana yake usiku nilimwona na chupa." Sikuongeza neno. Chupa niliiona kweli, ile ya mafuta yake. Wengine wakamalizia wenyewe: nyayo zinayumba, chupa, basi alikuwa amelewa. Ninajua, kila mtu wa mlimani anajua, kwamba baridi ikishamwingia mtu inamyumbisha vilevile kama pombe. Nilinyamaza. Nilipoifikisha maiti Pangani habari ilikuwa imetutangulia kwa simu, na kijijini kwao, mtu aliyekufa amelewa, wengi wanaona bora wapite mbali na mlango wake. Na bado Bi Mwanaidi alinipakulia chakula mimi kwanza.

Nikamwambia Mbwana, "Ingia. Mama anakungoja."

Hakuingia. Alisimama pale njia inapokutana na uwanja, na hapo ndipo nilipoliona. Kuti refu limelazwa toka upande huu hadi upande ule. Mbwana analitazama kwa huzuni ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake alipokuwa hai.

"Sasa nimeshajua," akasema. "Hili ni la kufunga."

"Livuke. Ulivuka lile."

"Hili sivuki." Akanigeukia. Nyusi zake bado zina matone yale ya mlimani, na jua la pwani linawaka. "Sikunywa, Eli. Unajua."

"Najua."

"Basi liondoe. Umeliweka wewe."

Nainama. Nalishika kuti kwa mikono miwili, kuti tu, kitu ambacho mtoto wa kule hukikokota akicheza. Haliinuki. Navuta, miguu inazama mchangani, nasikia wanawake wakinong'ona uani, mlevi, mlevi, navuta tena huku nalia, na ninapoinua uso Mbwana hayupo, yupo mama yake tu, amesimama kizingitini, ameuondoa mtandio usoni, ananitazama mimi.

Nikaamka nimekamata godoro. Kulikuwa kumepambazuka, majogoo wanawika nyuma ya nyumba. Mama Neema alikuwa ameketi kitandani akiniangalia.

"Umemtaja Mbwana," akasema. "Mara nyingi. Baba Neema, una nini na yule marehemu?"

Sikuweza kumficha tena. Nilimweleza yote, toka kwa mpishi na mpira hadi ile chupa, nikimtazama miguu badala ya uso. Niliogopa atanihurumia, lakini hakunihurumia.

"Unayo namba ya mama yake?"

"Ninayo."

"Basi piga. Ukisubiri upate chai utaghairi, nakujua."

Nikapiga. Iliita kidogo tu. Bi Mwanaidi huwa halali tena baada ya swala ya alfajiri.

"Nani mwenzangu?"

"Shikamoo, mama. Ni Eli, wa Moshi."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea! Tangu tulipomzika mwenzio sijaisikia sauti yako. Mke hajambo? Watoto?"

"Hawajambo, mama." Nilihisi nikiendelea na salamu sitafika popote. "Mama, Mbwana hakunywa. Siku ile hakuwa amelewa. Hakugusa kitu."

Nilisikia kuku wake, na ndoo inayowekwa chini.

"Hilo najua," akasema. "Nimemzaa mimi, nimemlea mimi. Hilo halikunisumbua hata siku moja." Akakohoa kidogo. "Nilichokuwa sikijui ni nani aliyemsema. Miaka miwili, Eli, kila nikimaliza kuswali namuomba Mola anioneshe huyo mtu kabla sijafa."

Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni, kikombe kitupu mkononi. Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema ni watu wa ofisini, ni maneno ya watu, mama, si unawajua watu. Yalikuwa yamefika mdomoni.

"Ni mimi, mama," nikasema.

Hakukata simu. Nilimsikia akivuta kigoda, akaketi.

"Haya," akasema. "Eleza."