Sikio la Mwalimu Protus

Protus Shivonje hakuwahi kushika chaki. Ni fundi wa baiskeli pale sokoni Iguhu, lakini kwa kuwa alifundisha kwaya ya kanisa letu tangu enzi ambazo nywele zangu zilikuwa nyeusi, hata watoto wadogo humwita Mwalimu. Mimi niliimba besi chini yake, na boma langu na lake yametenganishwa na ua wa michongoma tu. Ninayoyasema mengi nimeyaona, na ambayo sikuyaona ameniambia mwenyewe, maana siku hizi anamwambia yeyote atakayesimama kumsikiliza.

Mtu huyo alikuwa na sikio la kuudhi. Jumamosi tukiwa mazoezini, sote tumepaaza sauti, ghafla anaacha kupunga mikono na kuanza kupita mbele ya safu, kichwa amekiinamisha, sikio karibu na mdomo wa kila mmoja wetu, kama fundi anayetafuta tundu kwenye tairi. Akifika penye kosa anasimama. Hasemi kitu, anasimama tu mpaka jasho likutoke. Mimi alinisimamia mara nyingi, na nikienda nyumbani nilimsema vibaya njia nzima.

Ukimlalamikia, anafungua Biblia. Mungu, alisema, hakuokota waimbaji njiani. Daudi alipopanga ibada aliwachagua Walawi, akawapa vinubi na matoazi, na juu ya nyimbo akawekwa Kenania kwa sababu Kenania alikuwa stadi wa nyimbo. Zaburi zenyewe, alisema, zinaagiza watu wapige vyombo kwa ustadi na waimbe kwa akili. "Kwa akili!" alirudia, huku akijigonga kipaji cha uso. Tukampachika jina la Kenania tukidhani tunamcheka, kumbe mwenzetu alilipenda.

Mkewe, Edah, alikuwa kwenye sauti ya pili. Kusema aliimba ni kumpendelea kidogo. Alianza pamoja na wenzake vizuri, katikati ya ubeti akapotea njia, akakata kona zake mwenyewe, kisha akakutana nao kwenye amina akiwa na furaha tele. Na aliimba kila mahali! Akipalilia mahindi, akichambua mboga ya mrenda, akimwogesha Roda, binti yao wa pekee. Mimi ng'ambo ya ua nilijua kumekucha kwa sababu wimbo wa Edah ulikuwa umeshaanza kupotea. Wala haukunikera, niliuzoea kama nilivyozoea jogoo wake.

Basi mwaka mmoja, Roda akiwa bado shule ya msingi, kwaya yetu ikafika fainali ya mashindano ya makanisa, yaliyokuwa yafanyike Lurambi. Hakuna mtu wa Iguhu aliyewahi kuleta kombe lile. Tulishonewa sare mpya za zambarau, na Protus akaacha hata kula vizuri. Jumamosi ya mwisho kabla ya safari akashuka mbele ya safu na sikio lake. Akanipita mimi, nikapumua. Akaingia kwa kina mama, akasimama mbele ya Edah, na akakaa hapo.

Wengine walicheka chinichini. Nadhani walitaka kuona kama Kenania atamwogopa mkewe. Hakuogopa.

"Mama Roda," alisema, "wewe hiyo siku simama tu na wenzako, ufungue mdomo venye wanafungua. Lakini usitoe sauti."

Hakumwondoa kwa sababu sare ilikuwa imeshashonwa na safu ingebaki na pengo. Mambo haya walimu wa kwaya huyafanya sana huku kwetu. Ni hila ya kawaida ya mashindano, na hakuna anayeiona kuwa dhambi. Edah alimtazama. Nyumbani humwita Baba Roda, lakini siku ile alisema, "Sawa, Mwalimu."

Tukashinda. Tulirudi na kombe tukilipokezana, Protus amebebwa mabegani, na Edah anapiga makofi kama sisi sote. Baada ya hapo alijitoa kwenye kwaya. Alisema kazi za shamba zimemzidi, na mumewe akakubali bila kuuliza swali la pili. Kila Jumapili yeye akawa mbele na waimbaji wake, mkewe huko nyuma kwenye benchi.

Na mimi hapo ndipo ninapokasirika, nakwambia kweli. Sikio linaloweza kumkamata mtu mmoja aliyepotoka katikati ya kundi zima, lilishindwaje kusikia kwamba jikoni kwake kumenyamaza? Hakuna tena wimbo kwenye mahindi wala kwenye mrenda. Mganga hajigangi, sawa, lakini hata mgonjwa hujijua kwamba anaumwa. Nilipomuuliza hivi majuzi, alisema aliona mkewe ametulia kwa sababu ya umri. Aliufurahia hata ule utulivu, kwa kuwa alipata nafasi ya kutunga.

Miaka ikaenda. Roda akaolewa Shianda, kwa wakulima wa miwa. Magoti ya Protus yakaanza kumsumbua, akaona aibu kuongoza kwaya amekaa kwenye kiti, basi akamwachia kazi Jeruto, mwanamke kijana aliyeolewa hapa kutoka Nandi, mpiga kinanda hodari. Jumapili iliyofuata Protus akaketi na waumini kwa mara ya kwanza. Akaketi karibu na mkewe.

Wimbo wa kufungua ibada ukaanza, tukasimama. Edah akashika kitabu katikati yao. Protus anasema aliimba ubeti wa kwanza wote bila kuhisi kitu. Katika ubeti wa pili akamtupia mkewe jicho na kuona mdomo wake ukienda vizuri kabisa, kila neno mahali pake, hata pumzi anavuta panapostahili. Ila hakusikia kitu. Akadhani uzee umemfikia masikioni. Akafanya alichokizoea maisha yake yote: akainamisha kichwa, akapeleka sikio kwenye mdomo wa Edah.

Edah alipoliona lile sikio likija, akafunga mdomo.

Protus hakumaliza ibada. Nilimwona akitoka nje amejishika ukuta, nikafikiri ni magoti. Kumbe mtu alikuwa akihesabu Jumapili zote alizokuwa mbele akipunga mikono, na huko nyuma mkewe akitii amri ya siku moja.

Akaanza kuhangaika kurekebisha. Kumwomba msamaha alishindwa, wanaume wa rika letu hatukufundishwa hilo, basi akazunguka. Kwenye maombi ya jioni nyumbani alianzisha wimbo kisha akaacha katikati, akitumaini Edah ataudaka. Edah alingoja kwa heshima mpaka aendelee. Akajaribu kushusha sauti chini kabisa. Mwishowe, na hili ningelisikia kwa mtu mwingine nisingeamini, akaanza kuimba vibaya makusudi. Kenania! Aliukosea wimbo kwa nguvu zake zote ili mkewe aone kwamba hata yeye hukosea, ajisikie huru. Mimi ng'ambo ya ua nilicheka mpaka machozi. Nilimwita mke wangu aje asikie jinsi sauti ya Mwalimu ilivyokufa. Protus aliponieleza sababu yake, kile kicheko kilinirudi vibaya.

Alisoma Biblia upya pia, safari hii bila kumtafuta Kenania. Akafika kwenye zaburi ya mwisho kabisa, ile inayotaja baragumu na matari na kila chombo, kisha inaacha vyombo na kudai sifa kwa kila kilicho na pumzi. Aliniuliza, "Wewe unaona hapo imesema pumzi ya aina gani?" Nilimwambia mbona Hana alipoomba mtoto pale hekaluni midomo yake ilicheza tu, sauti haikusikika, na Mungu alimsikia. Nilikusudia kumfariji. Akatikisa kichwa. Hana, alisema, hakuna aliyemnyamazisha, tena alipompata Samweli aliimba wimbo ambao mpaka leo tunausoma.

Nadhani hapo ndipo alipopata matumaini, kwa sababu Roda alikuwa mjamzito.

Kanisa letu lina desturi. Mtoto wa kwanza wa binti huletwa tumshukuru Mungu pamoja, na nyanya yake ndiye humpokea mlangoni na kumbeba mpaka mbele, akianzisha wimbo anaoutaka mwenyewe. Hakuna kinanda wala kwaya mpaka nyanya aanze. Wazee wengine huanza vibaya mno, na hakuna anayejali. Protus aliingoja siku hiyo kuliko alivyolingoja kombe. Alimwomba Jeruto akae mbali kabisa na kinanda. Mimi aliniomba nikizuie kicheko changu, kitu ambacho kiliniuma.

Roda akaja na mtoto, Shantel, amefungwa kwenye shali nyeupe. Edah akampokea mlangoni. Tukageuka wote kumtazama. Akavuta pumzi, akafungua mdomo, akaanza kutembea. Midomo ilienda, uso unang'aa, anamtazama mtoto kama anayemwimbia, na kanisa zima kimya, sandali zake tu zikigusa sakafu. Waliokuwa nyuma walidhani anaimba polepole, wakainuka wasikie. Alipofika katikati, Shantel akaanza kulia, Jeruto akashindwa kuvumilia, akaanzisha wimbo mwingine kwa sauti yake nzuri, na sisi wote tukamfuata haraka kama watu wanaoficha aibu ya mgeni. Protus hakufungua mdomo. Wahenga walisema majuto ni mjukuu; ya Protus siku ile niliyaona kwa macho.

Alasiri, wageni walipomaliza obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, wakaondoka, Protus alimfuata mkewe nyuma ya jiko. Edah alikuwa akisugua sufuria kwa majivu. Protus akalitoa lile ambalo hakufundishwa.

"Mama Roda, nisamehe."

Edah akauliza amekosa nini. Akamwambia: ile Jumamosi ya mazoezi, kabla ya Lurambi.

"Aa, hiyo?" Edah alisema. "Mimi hata sikukasirika, Baba Roda."

"Sasa mbona hukuimba tena? Nilisema siku moja tu."

Edah aliendelea kusugua. Protus anasema hakukuwa na hasira hata chembe kwenye sauti yake, na afadhali ingekuwepo.

"Si wewe ndio ulikuwa unajua nyimbo," akamwambia. "Nikaona kama wewe unasikianga vibaya nikiimba, na Mungu naye anasikianga vivyo hivyo. Nikaona nisimsumbue."

Kisha akamwomba amletee ndoo nyingine ya maji, kwa kuwa sufuria zilikuwa bado nyingi.