Mnazi wa Mama Kiwanjani kwa Muhsina

Mama yangu mdogo, Muhsina, amefua na kupiga pasi mashuka ya hoteli moja ya Diani kwa miaka kumi na tisa. Hawezi kuketi kwenye kitanda cha mtu bila kwanza kulinyoosha shuka. Hana mume wala mtoto, na chumba alichopanga Ukunda ni kidogo hata ukifungua mlango unagonga jiko. Mwaka jana akanunua kiwanja kijijini kwetu, nyuma ya Msambweni, mkabala na mlango wetu hasa.

"Kote huko hakuona pengine?" Mama akauliza. Mama ni Mwanasiti, dada yake mkubwa.

Mama mdogo alikuja na ramani aliyoichora mwenyewe kwa kalamu ya wino.

"Tazama, dada. Baraza yangu itaelekea kwenu. Asubuhi mimi nipo kwangu, wewe upo kwako, tunapiga soga bila kuinuka. Nimechoka kuishi na watu nisiowajua."

"Baraza ya vigae?"

"Ya vigae."

Yetu ni ya udongo, na Baba ametuahidi saruji tangu nikiwa darasa la tatu. Nami sitasema uongo, niliona wivu. Nilimwuliza Mama mdogo madirisha mangapi, akasema saba. Sisi tuna mawili, na moja limezibwa kwa gunia.

Fundi Japheth akaja kuvuta kamba za msingi. Kamba ya baraza ikagota kwenye mnazi.

Hapo ndipo Mama mdogo alipogundua kosa lake. Alipouziwa na Mzee Rai aliona minazi mitano, akadhani yote imo. Mgeni wa bara angesamehewa, lakini yeye kazaliwa hapa! Kwetu udongo una mwenyewe na mnazi una mwenyewe. Minne ilikuwa ya Mzee Rai, naye aliiuza pamoja na udongo. Wa tano aliupanda babu yangu zamani, alipopewa ruhusa ya kulima pale, na alipofariki urithi ukagawanywa: Mama mdogo akapata cherehani, Mama akapata mnazi.

Alikuja kwetu jioni ile ile na mfuko wa tende.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Nimekuja kukuomba ule mnazi. Nitakulipa, au nitakupandia mitatu popote utakapo."

"Mnazi wa Baba?"

"Baba si wetu sote?"

"Wewe umepata udongo, Muhsina. Niachie nami changu."

"Dada, una madafu sita tu ule!"

"Hata lingekuwa moja."

Mama mdogo akamtazama sana. "Unanionea kijicho?"

Mama akacheka, kicheko kikavu. "Kijicho cha nini? Cha kufua mashuka ya Wazungu?"

Nilitamani ardhi inifiche. Mama mdogo aliinuka, akaaga, tende akaziacha.

Kesho yake Japheth alipima huku na huku, akakuna kichwa. Nyumba ingeenea tu kama ingegeuzwa: baraza ielekee barabarani, sisi tupewe mgongo, ukuta na kidirisha cha choo.

"Una hakika, mama?" akamwuliza Mama mdogo.

"Geuza."

Ukuta ulipoanza kupanda Mama alifurahi waziwazi. "Nimemweza," aliniambia, akipepeta mchele. Ukuta ukapita kiuno, ukapita kichwa, ukaezekwa mabati. Mama mdogo akawa anakuja siku zake za mapumziko, na wapita njia wakawa wanaketi barazani kwake. Sisi tulisikia vicheko tu. Mama alikuwa akisikia kicheko anasimamisha ungo, anasikiliza.

Ijumaa moja akajitanda kanga, akaizunguka nyumba nzima hadi mbele. Nilimfuata. Mama mdogo alikuwa anapangusa vigae.

"Muhsina, nimekubali. Ukate."

"Nikate ili iweje, dada? Nyumba haigeuki tena."

"Si ungenibembeleza!"

"Nilikubembeleza."

"Mara moja tu!"

Mama mdogo akamkaribisha aketi. Mama akasema ameacha chungu motoni. Hakuwa ameacha kitu. Tukarudi, tukaizunguka tena nyumba ile, na safari hii niliiona ndefu kuliko wakati wa kwenda.

Sasa Mama mdogo akija, mimi huenda kwake kusoma, kwa sababu kuna mwanga. Mama hanikatazi. Ila nikirudi hunisubiri mlangoni.

"Alikuwapo nani?"

"Mbodze, yule jirani."

"Aliketi wapi?"

"Barazani, kando ya Mama mdogo."

Mama hujifanya anachambua mboga. Baadaye kidogo huuliza tena, bila kuniangalia:

"Kando, upande gani?"