Skrubu Nne za Shingo ya Kamera

Dada yangu mkubwa hatembei tena. Ndiye aliyenilea Bujumbura baada ya mama yetu kufariki, ndiye aliyenirudisha sekondari kila nilipotoroka, na sasa yuko kitandani nyumbani kwake, mtaa wa Kagugu. Mjukuu wake wa kike alipokaribia kuombwa uchumba, dada alitaka jambo moja tu. Alitaka kuiona gusaba, sherehe ambamo familia ya kijana huja kuomba msichana na wazee wa pande zote mbili hushindana kwa maneno kabla ng'ombe wa mahari hawajatajwa. Lakini hakutaka kubebwa mbele ya wageni kama gunia la viazi.

Binti yangu hupiga picha za sherehe kwa droni, na ni yeye aliyepata njia. Droni ingeruka juu ya uwanja wa nyumba hiyo, na waya mrefu kutoka kwenye rimoti ungepita dirishani hadi kwenye televisheni ya chumbani. Shangazi yake angeona kila kitu akiwa amelala. Dada alifurahi hata akaagiza kitanda kigeuzwe kielekee televisheni siku tatu kabla ya wakati.

Ijumaa asubuhi, sherehe ikiwa kesho yake, binti yangu aliwasha droni juu ya meza yangu ya kazi hapa Kimisagara. Taa zikawaka. Kamera yake inaning'inia chini ya pua kwa shingo ndogo, na kwa kawaida huamka kwa kutikisa kichwa kushoto na kulia, kama mtoto anayekataa uji. Siku hiyo ilibaki imeinama. Skrini ya rimoti ilikuwa nyeusi.

"Papa, kamera haipati umeme," alisema.

Nilitengeneza redio kwenye meza hiyo kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Nikavaa miwani, nikamwambia aanzie mwanzo: umeme unatoka wapi, unapita wapi, unapotelea wapi. Akajaribu betri zote tatu. Akafuta sehemu za shaba ambapo betri inagusa. Akatoa kadi ya picha, akazima, akawasha tena. Propela zilitaka kuzunguka, taa zilimetameta, kila kitu kilikuwa hai isipokuwa kamera. Mimi nilikuwa natoa maagizo kwa sauti ya fundi mkuu, huku moyoni nikijua ubovu uko wapi, kwa sababu niliutia mimi.

Jumapili iliyotangulia droni ilikuwa imerudi kutoka sherehe moja ya Kabuga, imejaa vumbi jekundu. Binti yangu alikwenda misa. Mimi nilibaki kwa sababu ya goti. Nikaliona vumbi lile shingoni mwa kamera, mikono ikaniwasha. Nilifungua skrubu nne kwa bisibisi kubwa kupita kiasi, nikachomoa utepe mwembamba unaopeleka umeme kwenye kamera, nikapiga brashi, kisha nikaurudisha kwa kuusukuma na kidole gumba, kama nilivyozoea kwenye redio. Uligoma kidogo. Nikausukuma tena. Nilitaka akirudi aone ilivyong'aa. Aliporudi hakuona tofauti yoyote, akaifungia kwenye sanduku lake, nami nikaona aibu kuomba sifa.

Fundi yeyote wa Kimisagara ana swali lake la kwanza, na mimi nililiuliza kila mtu aliyeingia mlangoni mwangu: nani amekifungua kabla yangu? Wateja wote walijibu hakuna. Nilikuwa nawacheka wakishaondoka.

Binti yangu akavuta kiti, akanitazama.

"Papa, nani aliifungua hii kabla yangu?"

"Hakuna," nilisema.

Hakubisha. Aliweka bisibisi yake chini, akapangusa mikono.

"Sawa. Basi kesho shangazi tutamsimulia kwa mdomo."

Akaenda jikoni kuchemsha chai. Nikabaki na zile skrubu nne, vichwa vyao vimekwaruzwa vyote. Mara ngapi niliwaonyesha wateja skrubu za namna hiyo! Akilini nikamwona dada yangu anatazama televisheni nyeusi, kwenye kitanda alichokwisha kuagiza kigeuzwe. Nikamwita binti yangu kabla maji hayajachemka.

"Ni mimi. Jumapili. Nilichomoa utepe, nikaurudisha kwa nguvu."

"Upande gani uligoma?"

"Kushoto."

Akashika bisibisi ndogo. "Nilijua tangu nilipoona skrubu. Zimekwaruzwa kama mtu aliyepigana na paka."

"Sasa mbona hukusema?"

"Wewe ulikuwa unawaambia wateja? Ulikuwa unangoja. Ulisema mteja akikiri mwenyewe, atakuonyesha na mahali alipogusa."

Hayo sikumfundisha yeye. Nilimkataza kuingia karakana tangu akiwa mdogo, nikidai pasi ya kulehemu si ya mikono ya msichana. Alijifunza akiwa amekaa nje ya mlango, akichambua maharagwe, masikio yakiwa ndani. Kosa la utepe nililifanya kwa dakika tano. Hili jingine nilililea miaka mingi, na sikuwahi kupata nafasi ya kusema hivyo mpaka siku hiyo, alipokuwa ameinamia kazi na haangalii uso wangu. Nikamwambia nilikosea kumfungia mlango. Akasema bila kuinua kichwa, "Shika taa, Papa. Ilete karibu."

Utepe ulikuwa umekaa upande. Soketi yake ina kifuniko kidogo cheusi cha kuinuliwa kwanza, kisha utepe uingie wenyewe, kisha kifuniko kilazwe. Mimi nilikuwa nimeusukuma kwenye mlango uliofungwa. Kwa bahati haukuchanika. Akauchomoa, akaunyoosha, akaulaza mahali pake bila kutumia nguvu hata kidogo, akawasha. Kamera ikainua kichwa, ikatazama kushoto, ikatazama kulia, na kwenye skrini nikaona tumbo langu na taa mkononi.

Kesho yake nilikaa mbele pamoja na wazee wa upande wetu. Msemaji wa wageni alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusifia ng'ombe wao, simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Alikuwa dada, kutoka chumbani mwake.

"Wewe, vua kofia," alisema.

"Wazee wanazungumza, dada."

"Waache wazungumze, nawaona wote. Nataka kuona hicho kichwa. Mimi ndiye niliyekuwa nakiogesha kikiwa na nywele."

Droni ilikuwa imesimama hewani mbele ya turubai, ikivuma kama nyuki. Kando ya ukuta binti yangu alikuwa ameshika rimoti, anajizuia asicheke. Nikavua kofia, nikatazama juu.