Mwari, Njiwa na Mkalimani

Mama alipokuja London kutoka Pemba, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilijitia kumwonyesha ukubwa wa mji. Ikulu ya malkia aliitazama kidogo, akauliza nani anayefuta madirisha yote yale. Hakuuliza jengine.

Nikampeleka bustani iliyo jirani, ambako ndege mwari hulishwa kila siku alasiri. Watu walikwisha kujipanga na kamera. Mtunza bustani akaja na ndoo ya samaki, na wale ndege wakubwa wakamwendea taratibu, mifuko yao ikining'inia chini ya midomo.

Mama aliinama akachungulia ndooni.

"Samaki hawa wabichi kuliko wale ulionipikia jana."

Wa jana nilimtoa kwenye friza. "Ndiyo, Mama."

"Na hawa ndege wana kazi gani?"

"Hawana. Wanatazamwa tu."

Alitikisa kichwa kama mtu anayekijua cheo hicho tangu kwao.

Samaki walipokwisha, mwari mmoja akapanda kwenye nyasi, akapita katikati ya njiwa kwa heshima zote, kisha akafungua mdomo na kumchota mmoja. Njiwa akapiga mbawa ndani ya mfuko. Tuliliona umbo lake, likihangaika. Mwari alisubiri, akainua kichwa, akameza. Kisha akajisafisha manyoya.

Watu walipiga kelele. Bibi mmoja wa Kiingereza, aliyesimama pembeni yetu na sandwichi mkononi, akaanza kulia kweli kweli.

"Analia nini?" Mama akauliza.

"Anamhurumia njiwa."

"Na ndani ya mkate wake mna nini?"

Nikatazama. "Kuku."

Mama akautazama tena ule mkate. "Mwambie kuku naye alikuwa na mamake."

Mimi kazi yangu ilikuwa kuwatunza wazee wa Kiingereza, na miaka ile ilinifunza lipi la kuwaambia na lipi la kumeza. Nikamgeukia yule bibi nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mama yangu anampa pole, na yeye pia ameumia.

Bibi akamshika Mama mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru sana. Akamwambia kwamba ana roho nzuri. Mama alimtazama kwa makini, akapokea shukurani hizo kama haki yake.

"Amefahamu?"

"Amefahamu, Mama."

"Wala hakukasirika."

"Hakukasirika."

Ndani ya basi, tukirudi kwangu Woolwich, Mama alikuwa mchangamfu kuliko siku zote tangu afike. Alisema Waingereza wamesingiziwa. Ukiwaambia ukweli kwa adabu, wanasikia, na hata kukushukuru. Kwetu ungemwambia mtu hivyo mngegombana mwaka mzima.

Alirudi Pemba na habari hiyo, akaihadithia kwenye kila harusi na kila hitima. Dada yangu alinipigia simu kunambia kwamba Mama sasa anawashauri vijana wanaokwenda Ulaya waseme kweli bila ya woga. Nikamwambia ni nasaha nzuri.