Mkono wa Régis Unaiogopa Ringi

Saa nne asubuhi, katika ukumbi wa mpira wa kikapu Randburg, Afrika Kusini, mpira unachezacheza juu ya ringi kama kuku asiyejua aingie bandani au abaki nje. Régis Nkurikiye, futi sita na inchi tisa, amesimama chini yake mikono ikining'inia. Mpinzani anaruka, anausukuma kwa kidole, unatumbukia.

"Unasubiri barua ya mwaliko?" anafoka kocha.

Si uvivu. Régis, 23, ni mtoto wa wakimbizi wa Burundi aliyekulia Iowa na kucheza miaka minne chuoni hukohuko Marekani. Kule, mpira ulio juu ya ringi hauguswi. Ukiugusa, refa anawapa wapinzani alama. Huku, ukishagonga ringi, ni wa mwenye mkono mrefu. Kichwa kilielewa siku ya kwanza. Mkono ndio umegoma.

Majaribio ya wiki mbili ya kujiunga na timu ya hapa yanaisha leo. Wachezaji wawili wa kigeni wanagombea nafasi moja, na tiketi ya Régis ya kurudi Iowa ni ya kesho.

Analala kwa shangazi yake Godelieve, fundi cherehani, kwenye godoro la futi sita. "Kichwa kiko sebuleni, miguu jikoni," anasema shangazi. "Nikitaka chai, kwanza niiruke."

Kila asubuhi Gaston, Mkongomani anayelinda geti la ukumbi na aliyewahi kucheza Lubumbashi, humrushia mipira kwenye ringi aipige.

"Mdogo wangu, huo mpira si mke wa mtu. Uguse."

"Kaka Gaston, nikinyanyua mkono tu nasikia filimbi."

"Filimbi ya nani? Tuko wawili hapa."

Sasa, katika mechi ya mwisho ya majaribio, zimebaki sekunde tatu, timu yake inaongoza kwa alama moja. Mpinzani anarusha. Mpira unagonga ringi, unaruka, unarudi, unazunguka. Gaston ameacha geti, yuko mlangoni, kofia mkononi.

Mkono wa Régis unapanda, unasita, kisha unaukung'uta mpira hadi katikati ya uwanja.

Na papo hapo, kwa adabu zote za Iowa, anamgeukia refa na kunyoosha kidole juu, kukiri kosa.

Refa anamtazama tu. Kengele ya mwisho inalia.

"Ulikuwa unaungama nini?" kocha anamuuliza, akijizuia kucheka. "Jumatatu njoo na pasipoti. Mkataba ni wa msimu mmoja."

Régis anaketi sakafuni. Mpango wake ni kucheza msimu wote bila kumwomba refa msamaha.

"Lakini kwanza," anasema, "chumba changu na godoro langu. Shangazi anywe chai yake kwa amani."