Maji ya Barafu kwenye Rejeta

Asubuhi ile niliondoka Migosi bila kujua ninakwenda wapi. Nikaona barabara ya Bondo haina foleni, nikaishika. Tangu niache shule nimeishi hivyo: nabeba mzigo wa mtu kwenye pikapu yangu, na nalala humo humo popote nilipofika.

Kisian akanisimamisha mama muuza samaki mwenye makasha matatu ya barafu. Alitaka kufika Asembo Bay kabla mashua hazijapakuliwa. Basi nikapata pa kwenda.

Kwenye rejeta nilikuwa natia maji tu. Fundi mmoja wa mjini aliwahi kunishauri ninunue kulanti, ile dawa ya kijani, nikamcheka. Ziwa lote hili, halafu ninunue maji ya rangi? Mimi ni mtu wa kuuliza kila kitu, lakini siku ile sikuuliza inafanya kazi gani.

Tulipopita Ndori mshale wa joto uliingia kwenye nyekundu na mvuke ukafoka chini ya boneti. Nikasimama. Mvuke ulipopungua nikafungua kifuniko kwa kitambaa. Ndani hamkuwa na tone, na jerikeni langu lilikuwa tupu.

Mama akachungulia. "Baba, gari yako iko na homa." Akachota jagi zima la maji ya barafu iliyoyeyuka chini ya kasha, yenye magamba ya samaki wa jana. "Weka hii. Homa inashuka saa hii."

Niliona ni akili. Nikamimina.

Tak!

Sauti moja kavu, kama sahani imepasuka ndani ya injini. Nilibaki nimeshika jagi, mdomo wazi.

Lori la mchanga lilituvuta mpaka ufukweni, kwa fundi wa injini za boti. Aliinama, akaona maji yakichuruzika kwenye ufa wa hedi, kile kichwa cha injini. Akapiga makofi mara moja.

"Nani alikanda mgonjwa na barafu?"

"Ni mimi," mama akasema. "Si ilikuwa na homa?"

"Mama, hii si mtoto wa malaria! Hii ni chuma ya moto!"

Nilidhani ameshamaliza. Akafungua pampu ya maji, akaniwekea kiganjani. Mapanga yake ya kusukuma maji yalikuwa yameliwa yote, kimebaki kisiki chekundu cha kutu.

"Umeweka maji tupu miaka ngapi?"

"Sita."

"Bwana, kulanti inazuia hii. Barafu imemaliza tu kazi yako."

Miaka sita! Nilikuwa nikiosha kioo kila asubuhi, nikijisifu kwamba nalitunza gari, huku kila jagi ninalotia linaitafuna injini. Nikakaa chini kwenye mchanga.

"Inapona?" nikauliza.

"Nikipata hedi nyingine Kisumu. Nisipopata, utauza chuma."

Vijana wa fundi walilisukuma gari ndani ya ua wake, fundi akalipandisha juu ya mawe na kung'oa kila kitu mbele. Usiku ua hufungwa, kwa hiyo pa kulala hapakuwepo tena. Mama alimaliza kununua samaki wake akanipeleka kwa shemeji yake mwenye vyumba vya kupangisha. Chumba cha mabati, kitanda cha chuma, dirisha linalotazama ziwa.

"Utakaa siku ngapi?" shemeji akauliza.

"Fundi ndiye anajua," nikasema, nikapokea ufunguo.